Siku Tuliyozika Tunda

Wageni wanaokuja Kisumu kutafuta wanyama huwa wamekwisha kushiba wanyama. Wametoka Mara, wametoka Amboseli, simu zao zimejaa simba waliolala, na sasa mtu amewanong'oneza kwamba kuna upande mwingine wa nchi usiokuwa na foleni ya magari. Wanashuka kwenye ndege na kofia zao mpya, na swali lao la kwanza ni lile lile: simba wako wapi? Huwaambia hapa hatuna simba wa kukimbizana nao porini. Tuna viboko wa ziwani, tuna nzohe, yule swala anayejificha kwenye mafunjo, na ng'ambo ya ghuba kuna hifadhi yenye korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi ambaye huku kwetu amebaki pale tu. Wengine nyuso huwashuka palepale. Basi! Kama hutaki korongo, si ungebaki Mara?

Kazi yangu ni kuwazungusha. Nina gari lenye paa la kufunguka, nina darubini iliyopasuka kioo kimoja, na nina mdomo. Ziara yangu ni ya siku mbili. Jioni ya kwanza tunaangalia viboko karibu na mji. Asubuhi yake tunashika barabara ya kwenda Luanda Kotieno, gari linaingia kwenye feri, tunavuka hadi Mbita, kisha tunashika njia ya hifadhini. Siku ya pili ni yangu. Jioni ya kwanza, ile ya viboko, ilikuwa ya ndugu yangu.

Mama yetu alizaa wengi, tukabaki wawili, mimi na yeye. Mimi ndiye mkubwa. Yeye alikuwa mvulana pekee, kwa hiyo kwa watu wa boma ndiye aliyekuwa mtu, na mimi nilikuwa dada ya mtu. Sisemi hivyo kwa wivu. Alikuwa mcheshi, mvivu wa kuoga, mkarimu hadi unataka kumpiga. Alikuwa nahodha wa boti ya kutembeza wageni, yeye na mwenzake mmoja wa kushika kafi upande wa mbele, mtu mkimya ambaye ukimsalimia leo anakujibu kesho. Wageni walimpenda ndugu yangu kwa sababu alijua kuwaonyesha kiboko akitoa kichwa.

Kiboko mchana hana habari na mtu. Amelala chini, unaona masikio mawili na pua, na mgeni aliyetoka mbali hakuja kuona masikio. Kwa hiyo manahodha wa ufuo ule walikuwa na namna yao. Unazima injini, unaiacha boti isogee yenyewe, kisha unagonga ubavu wa boti kwa mpini wa kafi, taratibu, ko, ko, ko. Kiboko anainua kichwa ajue ni nani. Wageni wanapiga picha, wanashangilia, nahodha anawasha injini, mnaondoka. Kila nahodha alifanya hivyo. Aliyekataa kugonga alirudi ufuoni na wageni waliochukia, na siku inayofuata walipanda boti ya mwingine.

Kulikuwa na jambo lingine. Jaketi za kuelea zilikuwepo, za rangi ya chungwa, na kila mgeni alifungwa yake vizuri mpaka kidevuni. Manahodha hawakuvaa. Walizikalia. Ubao wa nyuma ya boti ni mgumu na una misumari, na jaketi ni laini, basi. Tena walisema nahodha akivaa, mgeni anaanza kujiuliza anaogopa nini. Nilikuwa nikimfokea ndugu yangu kila siku ya Mungu.

"Wewe, hiyo kitu utaikalia mpaka lini?"

"Mpaka ikuwe kiti," ananijibu, anacheka, anawageukia wageni na kuwaambia dada yake ni mkali kuliko kiboko.

Siku ile nilibaki ufuoni. Wageni walikuwa wanne, nimewaagizia samaki wa kukaanga ili wakitoka wakute tayari. Nilikuwa nabishana na mama wa samaki, kwa sababu alitaka kuniwekea wale wa jana, niliposikia kelele za majini. Sauti zinazotoka majini huwa nyingi pale, watoto wanaoga, watu wanaosha magari, ukisikia huinui hata kichwa. Nikaona mama wa samaki anaacha kisu.

Yule mwenzake ndiye aliyenieleza baadaye, maneno machache kama kawaida yake. Waligonga. Waliokuwa mbele waliinua vichwa kama siku zote. Lakini kulikuwa na jike mwenye ndama karibu zaidi, ndani ya magugu, hakuna aliyemwona, naye hakuinua kichwa. Alikuja kutoka chini. Boti ilipinduka, wakamwagika wote. Wageni walielea na jaketi zao wakilia, mwenzake akashika dumu la petroli, boti nyingine zikawahi, wakatolewa mmoja mmoja. Ndugu yangu hakutolewa. Jaketi yake ililetwa ufuoni ikiwa kavu upande mmoja.

Walimtafuta. Siwezi kusema hawakumtafuta. Wavuvi wa fuo zote za karibu waliacha nyavu zao, wakaburuta ndoana chini ya maji, wapiga mbizi wakaingia mpaka wakatoka na macho mekundu. Kisha upepo ukageuka na kuleta magugu yanayoelea. Aliyekaa Kisumu anajua. Unalala ukiona ziwa, unaamka unaona shamba. Ghuba yote ikawa kijani, kutoka ufuoni kwetu hadi mahali macho yanapochoka, na hakuna boti iliyoweza kupita, ya injini wala ya kafi. Watu wakasimama ufuoni wameshika viuno, wanaangalia majani.

Mama aliletwa kutoka nyumbani Seme. Nilikuwa na chumba Kaloleni, pale mjini, nikamwambia aje alale kwangu, akakataa. Alitandika gunia pale pale wanapouzia samaki, akakaa, uso kwa ziwa. Chai anakataa, uji anakataa. Watu wa kanisa wakaja wakaimba, akawaambia asante, wakaenda. Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa akisema, kwa kila mtu aliyemwinamia. "Sina haja ya kitu kingine. Kufa amekufa, nimekubali. Nataka alale nyumbani."

Kwetu Wajaluo neno hilo halina mzaha. Mtu wetu akifa Mombasa au Nairobi, hata akifa Ulaya, anarudishwa. Watu huuza ng'ombe, huchangishana, hubeba sanduku usiku kucha, ili mtu alale kwenye ardhi ya baba yake. Kumwacha mtu huko nje kama kuni zilizodondoka njiani, hapana. Na Mama alikuwa na huyo mmoja.

Mwenzake wa boti alikuja akachuchumaa karibu naye, nami nikiwepo. Alisema, "Mama, ngoja. Magugu yakiondoka, yataondoka naye. Upepo ukirudi tutamwona." Yeye alizaliwa ziwani na alishaona watu wengi wakirudi namna hiyo. Hayo ndiyo maneno marefu zaidi niliyowahi kumsikia akisema.

Lakini mvua ilikuwa karibu. Hapo ndipo baba mdogo alipoingia. Ni ndugu wa marehemu baba yetu, ndiye aliyebaki mkuu wa boma, mtu wa suti ya kahawia na sauti kubwa. Mtu akiwa hajazikwa, boma halipandi mbegu. Jembe likigusa udongo kabla ya kaburi, watu wanaogopa mambo yatakayofuata, na mashemasi wa kanisa wanaogopa vilevile, wasikudanganye. Watu wa boma walianza kuangalia mawingu na kukohoa. Baba mdogo akaitisha kikao nyumbani. Wanaume wakakaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba, sisi wanawake tukakaa nyuma karibu na jiko, tukisikiliza kupitia moshi.

Akasema ziwa limekula, ziwa halitatapika. Akasema tumzike kwa yago.

Yago ni tunda la mwegea, refu, zito, la kijivu, linaning'inia mtini kwa kamba yake. Mtu wetu akipotea majini na asipatikane, wanatafuta yago, wanaliweka ndani ya sanduku, wanalilia, wanalizika kwa jina la mtu. Kaburi linakuwa kaburi. Mjane anakuwa mjane. Watu wanapanda mbegu zao.

Nilitaka kusimama. Nilitaka kusema mwenzake wa boti amesema tungoje, na yeye anajua maji kuliko nyinyi wote mnaonuka mavumbi. Shangazi yangu akanishika goti akaliminya. Binti hana neno kwenye mambo ya kaburi. Uwe na gari, uwe na digrii, uwe ndiye uliyelipia sukari ya chai inayonyweka pale mbele, utakaa nyuma na moshi. Nikakaa, hasira imenijaa mpaka masikioni.

Sasa yago litoke wapi? Miegea ya kwetu imekwisha. Mmoja ulikatwa ukawa mkaa, mwingine ukaanguka wakati wa kupanua barabara. Wakataja huku na kule, bure. Kisha nikasikia baba mdogo anaita jina langu la utotoni, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Binti yangu, kuja hapa mbele kidogo. Wewe unayetembeza wazungu. Si huko mbugani yapo?"

Ati sasa niko mbele.

Yalikuwepo. Kulikuwa na mwegea mmoja mkubwa hifadhini, karibu na njia ya kwenda kwenye tambarare wanakolisha korongo. Niliuonyesha kwa kila mgeni. Nilikuwa na maneno yangu ya kuusimulia, nimeyakariri, na katika maneno hayo hakukuwa na kaburi.

Ningeweza kwenda peke yangu, lakini gari lilikuwa na wageni waliokwisha kulipia tangu zamani, mume na mke wazee, wapole, wapenda ndege. Nikaenda nao. Kwenye feri walinipa pole kwa sababu ofisi ya hoteli iliwaambia nimefiwa, nikasema asante, nikawaonyesha ndege mmoja, mwari mweupe. Hifadhini mbung'o waliingia garini kama kawaida, wakatuuma hadi kupitia nguo. Twiga walikuwepo, wamesimama barabarani hawataki kutoka. Korongo tuliwaona kwa mbali sana, wanne, na yule mama mgeni akalia machozi kwa furaha kwa sababu mume wake alikuwa amengoja kuwaona miaka mingi. Nikawa nashangaa, huyu analia kwa swala.

Kwenye mwegea nikasimamisha gari. Mdomo ukaanza wenyewe. Nikawaambia maua yake hufunguka usiku, popo huyatembelea, tunda lake mtu hali bichi maana lina sumu, lakini nyani wanalila, na viboko. Nikafika hapo nikanyamaza. Yule mzee akadhani nimeona mnyama, akainua kamera.

Sheria ya hifadhi naijua kuliko sala. Hutoki na jiwe, hutoki na unyoya, hutoki na tunda hata kama limeanguka lenyewe na linaoza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapekua wageni mifuko. Kwa hiyo nililifuata jambo wazi. Askari wa wanyamapori tuliyekuwa naye siku ile alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa mashariki, hana kosa, hajui mila zetu. Nikamvuta kando.

"Afande, nataka tunda moja la huu mti."

"Unajua hairuhusiwi."

"Najua."

"La nini? Dawa?"

"Nataka kuzika."

"Kuzika tunda?"

"Kuzika ndugu yangu."

Aliniangalia. Nadhani alifikiri nimechanganyikiwa kwa msiba, na huenda hakukosea sana. Nikamweleza pale pale juani, kwa Kiswahili, taratibu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Ukiisema kwa Kijaluo ina uzito wake. Ukimwelezea mgeni inabaki wewe na tunda. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema baba yake mwenyewe alipotea kwenye mafuriko ya mto, na kwao walizika shati. Akanichagulia lililokuwa chini, lisilo na tundu la wadudu, akalibeba mwenyewe hadi garini, akalifunika kwa turubai.

Kondele, mtaa wa Kisumu, tulinunua sanduku. Fundi akauliza kipimo, akishika futi yake. Baba mdogo akasema urefu wa mtu mzima. Fundi akauliza mtu mwenyewe ni mnene ama mwembamba. Mimi nikasema, "Mwembamba, mabega mapana."

Tunda lilikuwa dogo mno kwa sanduku. Wakati wa kuliingiza nyumbani likabiringika kutoka upande huu hadi upande ule, likagonga mbao, na watu waliokuwa wakiimba wakasita. Mama akasimama. Alifungua kifuniko mwenyewe, akaomba nguo zake zote ziletwe, suruali, mashati, sweta ya shule aliyokuwa ameitunza kabatini, akalizungushia tunda, akalijaza pande zote, akapigapiga kwa kiganja kama mtu anayelaza mtoto mchanga. "Sasa hatatikisika," akasema. Akafunga. Nikatoka nje nikakaa nyuma ya zizi.

Walizika. Mchungaji alitaja jina. Mke wa ndugu yangu, wifi yangu, alilia kwa sauti ambayo haikuwa ya kuigiza, na hapo nikaacha kubishana moyoni. Kama kilio kimekuja, basi kimekuja. Mvua ilinyesha wiki hiyo hiyo na boma likapanda.

Na Mama akapona. Hilo nitalisema wazi kwa sababu ni kweli. Alikula, alilala, alirudi kanisani. Alipanda maua ya manjano kuzunguka kaburi. Jioni alikuwa anabeba kigoda chake, anakaa pale, anapepeta mahindi, anaongea. "Leo wamevunja ua wa jirani. Leo dada yako amekuja na mkate." Nilikuwa nikimkuta hivyo na kutulia. Nilimshukuru baba mdogo kimoyomoyo, na kumshukuru mtu yule kunaniuma jino.

Kisha upepo ukageuka.

Nilikuwa mjini, nimeegesha gari nikingoja mteja. Mwenzake wa boti akanipigia simu, mtu ambaye hajawahi kunipigia. Magugu yalikuwa yameondoka ghubani, yakashuka hadi upande wa Luanda Kotieno, na wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wamepata mtu chini yake. "Njoo uangalie," akasema. Akakata.

Nilikwenda mochari. Sitaeleza nilichokiona, haimsaidii mtu. Nitasema tu kwamba fulana ilikuwa ya kazi yetu, niliichapisha mimi mwenyewe, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda pale kamba ya injini ilipokivunja alipokuwa anajifunza. Polisi waliniuliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi, nikalia na kucheka pamoja. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kwamba amepatikana. Nikadhani habari njema ni hii.

Baba mdogo alinisikiliza amesimama, hakunipa hata kiti. Aliponisikia hadi mwisho akasema, "Huyo si wetu. Wetu tumemzika."

"Ni yeye, Baba. Nimemwona."

"Nimesema tumemzika. Unataka tufungue kaburi? Unataka mtu mmoja awe na makaburi mawili kwenye boma moja? La pili litamtafuta mwenyewe wa kulala ndani. Litamtafuta nani? Watoto wangu?"

Nikamwambia tufungue lile lile, tutoe tunda, tumweke yeye. Akasema hajawahi kuona kaburi likifunguliwa, baba yake hakuona, na si yeye atakayeanza. Nikamwambia basi mchungaji aje aombe. Mchungaji akaja, akakohoa, akasema jambo hili ni la familia. Kila mzee niliyemwendea alikuwa na maneno yake, lakini yote yaliishia kwenye hofu ile ile. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Hakuna aliyetaka msiba mwingine uje usimamishe mahindi hayo.

"Na Mama yako usimwambie," baba mdogo akanifuata hadi kwenye gari. Sauti ilikuwa imepungua, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa kweli, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Amepona. Ukimwambia utamuua."

Hilo ndilo lililonimaliza. Mengine yote ningeyapigania.

Mochari hawangoji mtu. Mwili usiochukuliwa unapelekwa pamoja na wengine shimo moja, hawana kosa, wanajaa. Mimi sina ardhi. Binti hana ardhi ya kuzikia, na aliyeolewa anazikwa kwa mumewe, na mimi sikuolewa, hata mahali pangu mwenyewe sipajui. Kwa hiyo nilimtafutia nafasi kwenye makaburi ya umma mjini, wanakozikwa watu waliokosa watu. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzake wa boti. Wifi alikatazwa asije, alikuwa amekwisha kunyolewa na kuomboleza, angeombolezaje tena? Wachimbaji walikuwa na makaburi mengine ya kumaliza asubuhi ile. Sanduku lilikuja limepigiliwa misumari. Mwenzake wa boti alivua kofia, akasema Baba Yetu kwa Kijaluo, sauti haisikiki. Kisha wakafukia. Upande wake wa kulia kulikuwa na mtu aliyeandikwa hajulikani, kushoto vivyo hivyo.

Nilirudi kazini. Nitafanya nini? Wageni wanataka viboko. Kuna nahodha mwingine sasa. Anagonga vilevile, na jaketi yake anaikalia. Nimempigia kelele mpaka koo likauma, akaniambia pole dada, ubao una misumari. Hifadhini nasimama kwenye mwegea kwa sababu upo kwenye ratiba, nasema popo, nasema nyani, tunaondoka.

Jumapili moja nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa uani anachambua omena, hakuwa kule kaburini, na kigoda chake kilikuwa kimeinamishwa ukutani. Nikamsalimia, akanijibu bila kuinua macho. Nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Tulichambua muda mrefu.

"Nimesikia kanisani," akasema. "Mama fulani ana mtoto anafanya kazi mochari."

Nikaizamisha mikono ndani ya samaki.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Mama."

"Uliona kidole?"

"Niliona."

Kuku akaja akadokoa, Mama akamfukuza kwa kanga. Nilikuwa nikingoja alie, aanguke, kile alichosema baba mdogo kitokee. Hakulia.

"Walimlaza upande wa kulia?" akauliza. Kwetu mwanamume hulazwa kwa ubavu wa kulia, mwanamke wa kushoto, namna wanavyolala kitandani.

"Sijui, Mama. Sanduku lilikuja limefungwa."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Aliendelea kuchambua mpaka omena wote wakaisha, akamwaga mchanga uliobaki chini ya ungo, akafuta mikono kwenye leso yake. Kisha akaangalia upande wa kaburi lenye maua ya manjano, na kaburi la baba yangu kando yake, na nafasi iliyoachwa katikati ambayo kila mtu bomani anajua ni ya nani.

"Mimi nikifa," akasema, "msinilaze hapa na tunda. Nipeleke kwa mtoto wangu."

Ni neno ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanamke wa kwetu aliyeolewa na kuzikiwa mume. Kuacha boma, kuacha mume, kwenda kulala mjini na watu wasiojulikana. Nikamwambia, "Nitakupeleka, Mama." Akanishika mkono, mkono wake unanuka samaki, akaushika kwa nguvu. Alijua vizuri kuliko mimi kwamba siku hiyo ikifika wanaume watakaa mbele kwenye viti vyao vya plastiki, mimi nitakuwa nyuma karibu na jiko, na hakuna atakayeniuliza.